Chupa ya Chumvi na Mafuta ya Pikipiki: Mwongozo Kamili wa Kupanga na Kugharamia Programu ya Ugani Katika Kata

Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafariki. Hawakunywa dawa ya panya wala hawakurogwa, ingawa maneno ya kurogwa yalizungumzwa sana. Walikula mahindi ya kihenge chao wenyewe, yaliyokuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na fangasi wa ukungu. Miaka 12 kabla yake, upande wa Makueni na Kitui nchini Kenya, sumu hiyo hiyo ilikuwa imeua watu 125.

Kinachouma ni kwamba dawa yake ilikuwa inajulikana: anika mahindi juu ya turubai badala ya udongo, yakauke sawasawa, chambua mabovu, hifadhi pakavu. Vyuo vya kilimo vinafundisha hivyo tangu zamani. Elimu ilikuwepo, ila haikuwa na gari. Nikisema gari nina maana ya mpango, fedha, na mtu wa kuifikisha uani kwa mama anayeanika.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya afisa ugani wa kata, mtendaji, diwani, kiongozi wa kikundi au shirika dogo linalotaka kuendesha programu ya ugani na elimu kwa jamii, Tanzania Bara. Mfano nitakaotembea nao ni kata ya vijiji vinne mkoani Dodoma inayotaka kupambana na sumukuvu. Wewe unaweza kuweka viwavijeshi vamizi, chanjo ya mdondo wa kuku au upandaji kwa nafasi; hatua hazibadiliki sana.

Hatua ya 1: Taja kitendo kimoja

Maandiko mengi ya miradi niliyowahi kuyapitia yana lengo la "kuongeza uelewa wa wakulima". Uelewa hauonekani kwa macho, na usichoweza kukiona huwezi kukihesabu mwisho wa msimu. Andika hivi badala yake:

"Ifikapo mwisho wa Julai, kaya 120 kati ya 200 za vikundi vyetu ziwe zimeanika mahindi juu ya turubai au kichanja, na kuyapima ukavu kabla ya kuyafunga kwenye mifuko."

Sentensi hiyo ina tarehe, ina idadi, na ina jambo ambalo mtu anaweza kupita kijijini na kulitazama. Ukiwa nayo, kila anayekuja na wazo jipya (tuongeze ufugaji wa nyuki, tuongeze mafunzo ya ujasiriamali) unamrudisha pale: je, linasaidia mahindi kuanikwa juu ya turubai? Kama halisaidii, lisubiri mwaka mwingine. Najua ni vigumu kumwambia hivyo mheshimiwa diwani. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie.

Hatua ya 2: Zunguka kabla hujaandika

Tenga siku tatu za kuzunguka bila daftari la mahudhurio na bila kuitisha mkutano. Mkutano utakuletea wazee wa kiume wanaokaa mbele na kusema tatizo ni bei ya mbolea. Huenda wanasema kweli, lakini anayeanika, anayepepeta na anayeamua gunia lipi lianze kuliwa mara nyingi ni mama, na hayupo hapo mkutanoni au amekaa nyuma kabisa na mtoto mgongoni.

Nenda uani. Uliza maswali ya kawaida: Mahindi mnayavuna lini, na mnajuaje yamekauka? Mnaanika wapi? Mvua ikipita ghafla mnafanyaje? Turubai mnalo? La nani? Halafu uliza swali ambalo wengi hulisahau: mahindi mabovu mkiyachambua yanakwenda wapi?

Jibu la swali hilo la mwisho linaweza kugeuza mpango wako wote. Mahali pengi mabovu hayatupwi. Yanakwenda kwenye pombe ya kienyeji, yanapewa kuku, au yanasagwa pumba za ng'ombe. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemshwa, na ng'ombe akila chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hutoka kwenye maziwa. Kwa hiyo ukifundisha kuchambua peke yake, umehamisha sumu kutoka chungu cha ugali hadi kilabuni na kwenye kikombe cha mtoto. Mpango wako lazima useme mabovu yanafukiwa wapi, na nani wa kuzungumza na akina mama wapika pombe. Wazungumzie kama wafanyabiashara wenye watoto wa kusomesha. Usiende kwao kama askari mgambo.

Pita pia zahanati. Mganga na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanajua kaya zenye watoto waliodumaa, na wanajua uji wa lishe wa pale kijijini unachanganywa karanga za kutoka wapi. Karanga hushika sumukuvu kama mahindi, na wakati mwingine zaidi.

Hatua ya 3: Weka kalenda mbili mezani

Hapa ndipo programu nyingi hufia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kalenda ya kwanza ni ya mvua. Dodoma ina msimu mmoja: mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na mavuno ya mahindi na karanga huanguka kati ya Mei na Julai. Ukame wa katikati ya msimu unaupa fangasi wa sumukuvu nguvu mahindi yakiwa bado shambani, na uvivu wa kuanika unammalizia kazi yake.

Kalenda ya pili ni ya fedha. Mwaka wa serikali huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutoka Wizara ya Fedha kabla mwaka wa kalenda haujaisha, halmashauri hupika rasimu zake karibu na Januari na Februari, zinapita kwenye kamati, Baraza la Madiwani na vikao vya ushauri vya wilaya na mkoa, kisha Bunge huanza kujadili bajeti za wizara Aprili.

Sasa ziweke pamoja. Wazo likikujia Machi, baada ya kuona mahindi ya jirani yameoza, umechelewa bajeti inayoanza Julai. Kitakachokuokoa ni fedha za kijiji au za mfadhili. Wazo la mavuno ya Mei 2027 lazima liwe limeingia kwenye vikao vya kijiji Oktoba au Novemba 2025, ili liingie bajeti ya 2026/27. Naam, ni mwaka mmoja na nusu kabla. Mkulima hawezi kuelewa kwa nini, na sina namna ya kumpambia.

Mtego mwingine: mavuno yanaangukia Mei na Juni, wakati ofisi ya mweka hazina inafunga mwaka. Niliwahi kuomba fedha za siku ya mkulima ya kuonyesha uanikaji kwenye halmashauri fulani. Zikaingia tarehe 17 Juni. Mahindi yalikuwa yamekwisha kufungwa magunia, barabarani fuso zinapakia. Tukafanya siku ya mkulima ya kuangalia mabua. Tangu hapo kanuni yangu ni hii: kila kitu cha kununuliwa kwa ajili ya mavuno (turubai, mifuko, chupa, mabango) kiwe kimenunuliwa na kiko stoo ifikapo Machi. Mei na Juni uwe unatumia mafuta tu.

Hatua ya 4: Chagua njia ya kufundishia

Miaka ya 1980 na 1990 ugani wa nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, uliendeshwa kwa mtindo wa Mafunzo na Ziara uliosukumwa na Benki ya Dunia: afisa anapewa ujumbe wa wiki mbili, anampelekea mkulima wa mawasiliano, naye anatarajiwa kuwaambia wenzake. Ulikuwa na nidhamu lakini ulikula fedha nyingi, na mfadhili alipoondoka ulilala. Shamba darasa lilitoka kwingine: Indonesia, 1989, kwenye mashamba ya mpunga yaliyokuwa yakishambuliwa na wadudu. Wakulima 20 hadi 30 wanakutana shambani msimu mzima, wanatazama, wanapima, wanabishana, wanaamua. Afisa ni mwezeshaji, si mhubiri.

Kwa kata yetu ningechukua shamba darasa kama uti wa mgongo: vikundi 8, viwili kila kijiji, watu 25 kila kimoja, wakutane mara 14 kuanzia Desemba hadi Juni, yaani kila baada ya wiki mbili. Lakini afisa ugani mmoja hatoshi. Takwimu za Wizara ya Kilimo za miaka ya karibuni zilikuwa zikionyesha maafisa ugani takriban 6,700 nchi nzima, wakati wanaohitajika ni zaidi ya 20,000. Usipange kana kwamba utaletewa mwingine. Panga wakulima wawezeshaji wawili kila kikundi, mmoja wao mwanamke, na uwafundishe siku tatu kabla ya mvua.

Kipindi kimoja nikueleze kilivyo, kwa sababu ndicho kinachobadilisha watu.

Ni Mei, saa nne asubuhi, jua limeshachoma. Kila mwanakikundi amekuja na konzi mbili za mahindi ya kwake, yale anayoamini yamekauka. Mbele kuna chupa tupu za kioo zilizooshwa na kukauka kabisa, zenye vifuniko, na chumvi iliyoanikwa juani. Mama mmoja anajaza mahindi yake hadi theluthi ya chupa, anatia vijiko viwili au vitatu vya chumvi, anafunga, anatikisa kwa dakika moja. Chupa inawekwa chini, mnasubiri robo saa. Huo ndio wakati wa kuuliza habari za kuku na shule. Kisha anainyanyua juu kwenye mwanga. Chumvi ikiwa imenata kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Ikianguka yote chini bila kunata, yako chini ya hapo.

Hakuna hotuba inayofikia kimya cha watu wanaotazama chumvi imenata kwenye chupa ya mwenyekiti wao.

Sema ukweli wote lakini: chupa inaishia asilimia 15, wakati kiwango cha mahindi Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Kwa hiyo chupa ikipita, ongeza jua siku moja au mbili. Na mtu asikimbilie mifuko isiyopitisha hewa na mahindi mabichi. Mifuko hiyo inaua dumuzi na wadudu wengine, haikaushi. Ukifunga unyevu ndani umefunga uozo.

Redio ya jamii ni nzuri kwa jambo moja: kukumbusha kwa wakati. Mvua ya mwisho imekatika, wiki hii ni ya kuanika, pima kabla ya kufunga. Usiitegemee kufundisha namna ya kufanya. Ukinunua vipindi, peleka sauti za wakulima wenyewe uliowarekodi kwa simu, kwa Kiswahili cha pale na hata Kigogo, Kirangi au Kisandawe kama sheria za kituo zinaruhusu. Mtangazaji akisoma kipeperushi cha wizara neno kwa neno, watu huhamia kwenye taarabu.

Shule na kliniki ya watoto vitakusaidia bure. Dakika kumi siku ya kupima uzito, na chupa moja mezani, zinatosha.

Hatua ya 5: Bajeti inayosomeka

Anza na mafuta, kwa sababu ndiyo yanayosahauliwa. Aprili 2022 pale Dodoma serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, na lilikuwa jambo kubwa. Pikipiki bila lita tano za petroli ni kivuli cha kuku.

Hesabu yenyewe, kwa bei za mfano (za kwako ulizia dukani na sheli ya jirani): vikundi 8 mara vipindi 14 ni vipindi 112. Ukifanya viwili kwa siku ni safari 56. Safari moja kilomita 40 kwenda na kurudi, jumla kilomita 2,240. Pikipiki kwenye njia mbovu ikitembea kilomita 30 kwa lita, unahitaji lita 75. Kwa Sh 3,000 ni Sh 225,000. Ongeza Sh 140,000 za oili na tairi moja. Programu nzima ya msimu inategemea Sh 365,000 za usafiri. Nimeona programu za mamilioni zikilala kwa kukosa kiasi hicho.

Mengine yanajipanga hivi:

Usafiri: 365,000
Mbegu na mbolea za mashamba darasa 8: 480,000
Turubai 8: 400,000
Mifuko isiyopitisha hewa 40 ya maonyesho: 200,000
Chupa na chumvi: 16,000
Mafunzo ya wawezeshaji 16, siku tatu, chakula na nauli: 400,000
Siku za mkulima mbili: 500,000
Vipindi 8 vya redio: 480,000
Daftari na mabango: 120,000
Upimaji wa mwanzo na wa mwisho: 200,000
Dharura, asilimia 5: 158,050

Jumla Sh 3,319,050. Gawa kwa wakulima 200: kama Sh 16,600 kwa mkulima mmoja. Namba hiyo ya mwisho iandike kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza, maana diwani ataikumbuka kuliko jedwali lote.

Utaona sijaweka posho ya vikao kwa washiriki. Nimefanya makusudi. Ukianza kulipa watu kuja kujifunza kukausha mahindi yao wenyewe, siku posho ikikatika darasa limekufa, na mradi utakaofuata utakuta watu wameshaharibika. Chai na mihogo, sawa. Nauli kwa wawezeshaji wanaosafiri, sawa. Bahasha kwa kila anayesaini mahudhurio, hapana. Utalaumiwa mwezi wa kwanza. Vumilia.

Hatua ya 6: Fedha zitoke wapi

Usitafute mfuko mmoja wa kubeba yote. Gawanya bajeti vipande, kila kipande kipeleke kwa mwenye sababu ya kukilipia.

Kijiji chenyewe. Eneo la shamba darasa, nguvukazi, mbegu za kuanzia, kuni na maji ya siku ya mkulima. Vithaminishe kwa shilingi na uviandike kwenye bajeti kama mchango wa jamii. Kama kijiji kina chanzo cha mapato, mkutano mkuu wa kijiji unaweza kupitisha hata laki mbili. Hizo laki mbili na muhtasari wenye saini vina uzito kuliko barua kumi za maombi, kwa sababu kila anayefuata atauliza: wenyewe wametoa nini?

Mapato ya ndani ya halmashauri. Ushuru wa mazao unatoka kwenye magunia hayo hayo unayotaka kuyaokoa. Mwaka 2017 sheria iliushusha kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mapato ya halmashauri nyingi za wakulima yakapungua, kwa hiyo utakuta ushindani. Hoja yako iwe ya kibiashara: mahindi yenye sumukuvu zaidi ya sehemu 10 kwa bilioni hayaruhusiwi kwenye soko la Afrika Mashariki, na shehena ikizuiwa mpakani mnunuzi hatarudi msimu ujao. Halmashauri inayotoza ushuru bila kurudisha kitu kwenye kilimo ni kama anayekamua ng'ombe asiyemlisha. Sema hivyo, kwa lugha laini.

Fedha za lishe. Hapa wengi wa kilimo hawapiti kabisa. Tangu 2017 mikataba ya lishe inazitaka halmashauri kutenga kutoka mapato ya ndani angalau Sh 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Halmashauri yenye watoto 40,000 ina milioni 40 kwenye karatasi, na afisa lishe wake anatafuta shughuli zenye matokeo ya kuripoti. Sumukuvu huharibu ini na huhusishwa na udumavu. Ni mambo yake. Kaa naye chai moja. Vipindi vya redio na mafunzo ya wahudumu wa afya vinaweza kutoka kwake bila wewe kugusa fungu la kilimo.

Mikopo ya asilimia 10. Ile inayotengwa kutoka mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, isiyo na riba, ilisitishwa 2023 na kurudishwa 2024. Hiyo si ya kugharamia mafunzo, maana mkopo lazima urudi. Lakini kikundi cha vijana kinaweza kukopa mashine ya kupukuchua na maturubai makubwa, kikafanya huduma ya kulipwa kila gunia. Kwa njia hiyo turubai linabaki kijijini hata programu ikiisha. Kikaguliwe kwanza kitabu chao cha akiba. Kikundi kilichoundwa wiki ya kutangazwa mikopo hufa wiki ya marejesho.

Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo unafaa zaidi kwa kitu cha kushikika, mfano kumalizia sakafu ya kuanikia kwenye ghala la kijiji au la AMCOS, yaani chama cha ushirika wa mazao.

Wauza pembejeo na wanunuzi wa nafaka hutoa mbegu za mfano na mifuko bila shida. Pokea, ila mambo mawili yaandikwe: nani anaamua kinachofundishwa, na mkulima hafungwi kununua kwake. Shamba darasa likigeuka kibanda cha matangazo, wakulima hulijua siku ya kwanza.

Wafadhili wa nje. Mradi mkubwa wa serikali wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, uliopata fedha kupitia Benki ya Maendeleo ya Afrika, umejenga maghala, na Mtanana wilayani Kongwa kukawekwa kituo cha teknolojia za baada ya mavuno. Vitu hivyo ni vikubwa kuliko kata, kwa hiyo kazi yako ni kujiunganisha navyo: omba ziara ya wawezeshaji wako, omba sampuli zako zipimwe. Kwa fedha ndogondogo, tafuta mashirika yenye ofisi mkoani, na mitandao ya wakulima wenyewe kama MVIWATA, iliyoanza Morogoro 1993 na ina uzoefu wa mkulima kumfundisha mkulima. Lakini mshahara wa mtu au mafuta ya kila mwezi usivitundike kwa mfadhili. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, miradi ya kilimo iliyokuwa katikati ya msimu ilisimama ndani ya siku chache.

Hatua ya 7: Lipitishe kwenye vikao

Wazo zuri lisilo na muhtasari halipo. Lianze kwenye kitongoji, lipite halmashauri ya kijiji, lipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, lifike Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo liende wilayani. Kila hatua chukua nakala ya muhtasari yenye saini na mhuri. Mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ule wa kupanga mipango kuanzia kwa wananchi, umejengwa juu ya ngazi hizo, na swali la kwanza la afisa mipango litakuwa: limetoka kijijini?

Andiko lenyewe lisizidi kurasa nne: tatizo kwa aya mbili zenye takwimu za kata yako, kitendo kimoja, kalenda, bajeti, mchango wa jamii, nani anawajibika. Mpelekee mkuu wa divisheni ya kilimo, mifugo na uvuvi mapema, kabla ukomo wa bajeti (kiwango cha juu cha fedha ambacho halmashauri haipaswi kukizidi) haujafika na kila mtu kuanza kukata. Uliza waziwazi shughuli yako imeingizwa kwenye PlanRep (mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri) kwa jina gani na kwa kifungu kipi. Isipokuwa mle ndani, hata mkurugenzi akikupenda namna gani hana pa kuitoa. Na usiandike "mafunzo kwa wakulima". Andika "kuwezesha vikundi 8 vya shamba darasa kudhibiti sumukuvu kata ya fulani". Jina pana ni rahisi kukatwa nusu, na ni rahisi pia kutumika kulipia semina ya watu wengine.

Hatua ya 8: Kuendesha, kupima, kurejesha

Desemba, kabla ya kipindi cha kwanza, wawezeshaji wapite kaya 40 zilizochaguliwa kwa kura kutoka kwenye orodha ya vikundi. Maswali matatu tu: msimu uliopita ulianika wapi, ulipimaje ukavu, mabovu yalikwenda wapi. Julai warudi kaya hizo hizo, waulize yale yale, na waombe kuona turubai kwa macho. Usiwatume wawezeshaji kupima kikundi chao wenyewe, wabadilishane vijiji. Binadamu hapendi kuandika sifuri kwa jirani yake.

Kila mwezi afisa aandike ukurasa mmoja: vipindi vilivyofanyika, waliohudhuria wanaume na wanawake, lita zilizotumika, kilichoshindikana. Mahudhurio ya wanawake yakishuka chini ya nusu, badilisha saa kabla hujabadilisha mada. Mara nyingi utakuta kipindi kimewekwa saa ya kuchota maji.

Ukichukua masurufu, yaani fedha unazopewa kutumia kisha kuzitolea hesabu, rejesha stakabadhi ndani ya muda uliopewa, na za sheli uzipige picha siku hiyo hiyo kwa sababu wino wake hufutika kwenye joto la Dodoma kabla mkaguzi hajafika. Awamu ya pili ya fedha hukwama zaidi kwa marejesho ya awamu ya kwanza kuliko kwa hazina kukosa fedha.

Mwisho wa Agosti, baada ya Nane Nane pale Nzuguni na watu wakiwa na nafasi, peleka matokeo kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Bandika bajeti na matumizi ukutani kwa ofisi ya mtendaji, kaya ngapi zilifikia lengo na ngapi hazikufika. Kisha kabidhi chupa, turubai na mabango kwa vikundi kwa maandishi, kila kitu na jina la anayekitunza, na muombe mwenyekiti aweke sumukuvu kwenye ajenda ya kikao cha Oktoba, kabla dirisha la bajeti inayofuata halijafungwa.